Vifaranga vya Naivasha

Juzi nilikuwa Naivasha pale Karagita, mama mmoja anaparua samaki anaitwa carp, mnene kama paja, magamba yanaruka hadi kwa soksi zangu, nikamuuliza mbona tilapia haonekani siku hizi, akacheka, "Tilapia ni wa wageni kijana wangu, sisi tunakula huyu wa mifupa."

Na ukweli ni kwamba hili Ziwa Naivasha karibu samaki wote wanaovuliwa waliletwa. Samaki wa bass aliletwa 1929 kutoka Marekani, tilapia naye akaletwa, halafu carp yeye hakualikwa na mtu, alionekana tu 2001 na kabla ya miaka kumi kuisha ndiye alikuwa amejaa kwa nyavu. Anafukua matope chini akitafuta chakula, maji yanachafuka. 2011 wakarudisha vifaranga, yaani samaki wachanga, vya tilapia wa Nile.

Mimi sina shida na kumwaga vifaranga, ila hao wadogo hujificha kwa mafunjo kando ya ziwa, na ndo hapo hapo jamaa wanapita usiku na nyavu za matundu madogo wanazoa wote, sasa hapo umepanda nini?

Nilinunua kipande cha mia mbili. Kitamu ajabu, lakini hiyo mifupa jameni!