Shikamoo kutoka Muleba

Nilikuwa na wiki ya tatu tu chuoni Nagoya, Japani. Jioni ya tarehe 7 Oktoba 2014 nilikuwa maabara, nimeinamia kisahani cha yakuti, nikijifunza kukinyanyua kwa kibano bila kukikwaruza. Chembamba kama ukucha, na ukikiinua taani unaona upande wa pili. Saa moja kasorobo zikasikika kelele koridoni. Watu niliozoea kuwaona wakitembea taratibu walikuwa wanakimbia.

Nobeli ya Fizikia wamepewa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kwa taa ya LED ya buluu, kile kitaa kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga! Wawili wa kwanza waliifanya kazi ile hapo hapo chuoni kwetu. Amano mwenyewe alikuwa angani, safarini kwenda Ufaransa, hajui lolote.

Mwanafunzi mmoja wa udaktari, aliyekuwa akinilea kama kaka, akanishika mkono tukatoka nje hadi kwenye jengo la Akasaki, lililofunguliwa 2006. Akaugusa ukuta. Hili, akaniambia, limejengwa kwa mrabaha wa hataza, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi uliosajiliwa.

Akanisimulia palepale, tumesimama. Toyoda Gosei ilikuwa kampuni ya vipuri vya magari, vya mpira na plastiki. Taa haikuwa kazi yake. Lakini mwaka 1987, kwa mkataba wa shirika la serikali, ikaanza kuitengeneza LED ya buluu ikiongozwa na Akasaki. Ilianza kuziuza 1995. Miaka minane! Mauzo yalipokuja, sehemu ya fedha ikarudi chuoni, ikawa maabara za wengine.

Niliumia, sifichi. Nilikosoma mimi, kampuni ilituletea kompyuta kumi, tukapiga nayo picha, ikaondoka. Hakuna aliyetuuliza tunatafiti nini.

Usiku nikampigia mama nyumbani Muleba, Tanzania. Kwao ilikuwa bado alasiri. Nikamweleza kuwa taa yake ya sola, ile iliyomwondolea moshi wa koroboi, weupe wake unatokana na buluu iliyopakwa unga wa manjano, na walioivumbua buluu hiyo leo wametuzwa.

Akanyamaza kidogo. "Wangali hai?"

"Wangali hai, mama. Mmoja ana miaka 85."

"Mzee kabisa. Ukimwona, mwanangu, mpe shikamoo yangu."