Kuchimba dawa Yorkshire

Wiki yangu ya kwanza ya kulea wazee hapa Barnsley, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, babu mmoja alinikuta nimesimama mlangoni na trei ya uji, akaniambia, "Put wood in th'oil." Ubao nimeusikia. Mafuta nimeyasikia. Nikabaki najiuliza ni ubao gani unaotiwa kwenye mafuta saa mbili asubuhi. Nikatabasamu, maana mgeni akikwama silaha yake ni hiyo, naye akarudia kwa sauti ya juu zaidi huku akivuta blanketi mpaka kidevuni. Mwenzangu alipita nyuma yangu, akausukuma mlango, basi. Kumbe hiyo "oil" ni "hole" yao, ndivyo wanavyoitamka. Tia ubao tunduni, yaani funga mlango. Kwetu Muheza bibi angeuliza tu, "Kwenu hakuna milango?"

Baada ya hapo nikanunua kijidaftari. "Nesh" ni mtu asiyestahimili baridi, ndiye mimi. "Mardy" ni mtu wa kununanuna. "Nowt" ni hakuna kitu, "owt" ni chochote. Maneno ya namna hii hayana shida, kwa sababu ukiyasikia unajua hujui, unauliza, unaandika. Yaliyoniumbua ni yale niliyofundishwa tangu shule ya msingi, ambayo hata siku moja sikuona haja ya kuyauliza.

Mtoto wa jirani aliniomba "spice". Mimi mtu wa Muheza, iliki na mdalasini ndiyo mashamba yetu, nikaingia ndani kwa furaha nikamtolea kijiti cha mdalasini. Akakinusa, akamtazama mama yake, akaanza kulia. Alitaka pipi. Mama yake huyohuyo akanialika "tea" saa kumi na moja jioni. Nikala ugali wangu nikashiba kabisa, nikaenda kunywa chai. Mezani nikakuta nyama ya kuoka, viazi, karoti na mchuzi mzito. "Tea" ya watu wa huku ndiyo chakula cha jioni. Nilikula, nifanyeje, lakini usiku ule sikulala.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Neno "while" halikunichekesha. Mimi nalijua kuwa ni "wakati" au "huku". Asubuhi moja msimamizi, akiwa anakimbilia chumba kingine, alinipigia kelele kuhusu yule babu wa ubao, ambaye ana kisukari: "Don't give him owt while t'nurse comes." Owt ninayo kwenye daftari, nikajisikia mjuzi. Nikaelewa hivi: nesi anayezungukia wagonjwa asije akamkuta anatafuna. Basi nikafanya haraka. Uji, mkate na jemu, chai ya maziwa, nikamfuta na mdomo. Nesi alipoingia na kipimo chake akauliza kama babu ameshakula. Nikajibu kwa majivuno kwamba leo amemaliza kila kitu.

Alikitazama kipimo, akanitazama mimi. Sukari ilitakiwa ipimwe kabla ya kula ndipo babu achomwe insulini. Huku Yorkshire "while" ni "mpaka". Usimpe chochote mpaka nesi aje. Ni matumizi ya zamani ya Kiingereza ambayo kusini yamekufa, huku yangali hai. Kazini watu wanakwambia wanafanya "nine while five" bila kupepesa macho. Nilielezea, wakanielewa, babu hakudhurika. Ila mikono ilinitetemeka mpaka mwisho wa zamu.

Mkenya mmoja, nesi wetu wa usiku, ndiye aliyenituliza. Yeye alifika kabla yangu. Nilipomuuliza kwa nini watu huku wakikutana wanasema "now then" halafu wanakaa kimya, nami nasubiri waendelee, alicheka sana. "Hiyo si ni 'sasa' tu, dadangu? Wewe jibu 'poa' uende zako." Ni salamu kweli.

Babu naye tulipatana. Siku moja aliniambia anataka "spend a penny", nikamletea pochi yake. Akaikataa kwa hasira, maana hali ilikuwa ya dharura. Tulipotoka chooni akanieleza: zamani vyoo vya umma vilikuwa na kitasa cha kutumbukizia peni, hakifunguki bila hiyo. Baadaye nikasoma kwamba kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851, fundi mmoja, George Jennings, aliweka vyoo vya peni moja, na waliolipa walizidi 800,000. Peni ile ya zamani iliondoka na mabadiliko ya sarafu ya 1971, lakini babu bado anaitumia.

Nami nikampa ya kwetu. Nikamweleza basi la kwenda Dar linavyosimama porini, konda anatangaza watu washuke wakachimbe dawa, wanaume upande huu, wanawake ule, wala hakuna anayerudi na mzizi. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo akibanwa ananiita, "Dawa!"

Tatizo ni kwamba alimwambia hivyo na yule Mkenya, usiku, na Kiswahili chao hakina kuchimba dawa kwa maana hiyo. Alikagua chati, akamjibu kwa upole kwamba dawa zake zote keshapewa, nyingine mpaka asubuhi. Babu, na ubishi wake, akashikilia Kiswahili. Nilipoingia zamu saa moja, shuka zilikuwa zimeshabadilishwa.