Utando mweupe ndani ya sonda

Jana jioni niliacha unga wa mandazi karibu na jiko ili uumuke. Mtoto akaja, akafunua kitambaa, akanusa. "Mama, hii hamira iko nzima?" Nikamwambia ndiyo, iko hai, ni fangasi, inakula sukari. "Na ndani ya mutu inaweza kuishi?"

Harufu ile ilikuwa imeshanipeleka kwenye wodi ya wanaume, hapa hapa Bukavu, kwa papa, mzee wa kitanda cha dirishani.

Kisukari, tezi dume iliyovimba, na sonda, mrija wa kutoa mkojo kibofuni, ya mpira wa lateksi namba 16. Alikuwa amepewa dawa za bakteria mara tatu mfululizo. Kila tulipoua bakteria tulikuwa tunafyekea fangasi shamba, na sukari ya kwenye mkojo ikawa mbolea yake. Fangasi walipoonekana akaandikiwa flukonazoli, dawa ya fangasi, miligramu 200 kwa siku. Mkojo ukatakata kidogo, ukarudia weupe. Sonda ilikuwa ile ile, wiki ya sita sasa, wakati lateksi huwa tunaibadilisha kati ya wiki 2 na 4. Hakuna aliyekuwa ameandika tarehe juu yake. Siku mbili kabla, binti yake alinionyesha vipande vyeupe kwenye mrija, "sawa maji ya kuloweka mihogo". Niliandika kwenye daftari la zamu nikaendelea na wagonjwa wengine.

Asubuhi ile saki, mfuko wa mkojo, ilikuwa kavu na shuka limelowa. "Mama, kibofu iko napasuka." Nikamshika tumbo: duara gumu, karibu lifike kitovuni. Mrija haukuwa umekunjika, saki ilikuwa chini ya kibofu kama inavyotakiwa. Nikajaribu maji safi ya chumvi kwa seringi ya mililita 50. Yakagoma kuingia, na yale machache yaliyoingia hayakurudi. Hapo hupaswi kusukuma kwa nguvu. Sonda iliyoziba inatolewa.

Niliweka seringi kwenye tundu la puto la maji linaloshikilia sonda kibofuni, nikaacha maji yarudi yenyewe. Ukivuta kwa nguvu, njia yake nyembamba inajibana, na puto linabaki na mikunjo inayokwaruza. Yalirudi mililita 8 kati ya 10 zilizowekwa, maana maji hupungua polepole kupitia ngozi ya puto. Nikamwomba papa avute pumzi. Alipoitoa, nikavuta. Ikakwama kwenye tezi dume. Akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, macho yake kwenye dari. Nikaizungusha kidogo, nikangoja pumzi nyingine, ikaja pamoja na tone la damu.

Sonda mpya ilikuwa ya silikoni, familia iliinunua asubuhi hiyo hiyo. Jeli ya ganzi ya lidokaini, dakika 5 za kungoja, halafu mililita 900 za mkojo. Papa hakusema neno, alifumba macho tu. Mkojo wa maabara niliuchukua kwenye sonda hii mpya. Ule wa sonda ya zamani, na zaidi ule wa kwenye saki, unakuonyesha vinavyoishi kwenye mpira, wala si lazima viwe kibofuni.

Ile ya zamani niliilaza kwenye trei, nikaipasua kwa wembe wa upasuaji kuanzia nchani. Matundu yote mawili ya juu yalikuwa yamejaa. Namba 16 ina upana wa nje wa milimita 5 na kidogo, na njia ya ndani ni nyembamba zaidi. Pale ilikuwa imebaki nafasi ya uzi. Nilitegemea chokaa, ile inayokwaruza wembe kama mchanga, kazi ya bakteria wanaogeuza mkojo kuwa wa alkali, kinyume cha asidi. Hii ilikuwa laini, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Nikaifuta kwa shashi: tabaka la juu likatoka, la chini likabaki limeng'ang'ania mpira. Nikafuta tena. Likabaki.

Maabara walituonyesha chembe za mviringo zinazochipua, na nyuzi ndefu zimesukana kama mkeka. Wakachanganya chembe na seramu, yale maji ya damu, nyuzijoto 37, na kabla ya saa 3 kupita zikaota mikia: fangasi aitwaye *Candida albicans*. Hivi ndivyo utando unavyojengwa. Protini za mkojo hupaka mpira kwanza, chembe hujibandika juu yake, hutoa nyuzi, kisha hujifunika kwa ute wao wenyewe. Siku moja hadi tatu zinatosha utando kukomaa. Flukonazoli hunaswa kwenye ute huo kabla ya kuzifikia chembe za chini. Dawa ilikuwa inaosha zile zinazoelea mkojoni, na kila siku utando ulikuwa unaachia nyingine.

Ndiyo maana fangasi kwenye mkojo wa mtu asiye na homa wala maumivu mara nyingi haihitaji kidonge. Kwanza toa sonda, au ibadilishe ikiwa hawezi kukaa bila hiyo. Papa, kwa kuwa alikuwa anaumwa, alimaliza wiki 2 za dawa na mkojo ukakaa safi.

Binti yake aliniuliza pale mlangoni, kwa sauti ya chini: "Sababu gani hamukuitosha ile siku nilikuonesha?" Nilimweleza kuhusu stoo, kuhusu maagizo, kuhusu daktari aliyekuwa hayupo. Yote yalikuwa kweli. Lakini kuibadilisha kungenichukua nusu saa.

Papa alirudi nyumbani Kadutu na tarehe imeandikwa kwenye plasta ya pajani. Upasuaji wa tezi dume ulikuwa unangoja pesa, hivyo sonda ilibaki, na kwenye silikoni ile protini zilikuwa zimeshaanza kujipaka tangu mkojo wa kwanza kupita.

"Inaweza," nilimwambia mtoto. Akafunika bakuli taratibu, akaenda kunawa mikono.