Vaultwarden: alama za dola zimenikesha

Jana nimekaa mpaka saa nane usiku na Vaultwarden, ile seva ya kutunza paswedi unayojiwekea mwenyewe nyumbani, unatumia apu zilezile za Bitwarden kwenye simu. Kuiwasha tu ni kazi ndogo, nimeiweka kwenye laptopu ya zamani yenye Docker (programu ya kuendeshea seva kama hizi). Ngoma ikawa kwenye ukurasa wa admin, yaani wa msimamizi wa seva.

Ukurasa wenyewe uko /admin na haufunguki mpaka uweke ADMIN_TOKEN, tokeni ya kuufungulia, kwenye faili la mipangilio. Ukiandika paswedi yako hivihivi inakubali ila inakulalamikia kwenye logi, na kweli, yeyote akilisoma faili lako kashapata funguo. Sasa ili paswedi isisomeke unaandika amri docker exec -it vaultwarden /vaultwarden hash, unaingiza paswedi mara mbili, inakutolea mstari mrefuuu unaoanza na $argon2id, ndo paswedi yako ishavurugwa. Nikaukopi nikaubandika kwenye docker-compose.yml, ndo faili lenyewe la mipangilio, nikawasha upya, najaribu kuingia, imekataa. Nikarudia. Imekataa. Nikadhani nimesahau paswedi niliyoitunga dakika mbili nyuma (si mara ya kwanza hiyo).

Kumbe compose, inayosoma faili hilo, ikikuta alama ya dola inajua unaita kitu kingine, inakitafuta, haikioni, inaweka patupu! Na onyo lilikuwepo pale kwenye skrini, mimi nalipita tu. Dawa yake kila $ uiandike $$, ziko tano. Halafu kwenye kulogini unaandika paswedi yako, sio ule mstari mrefu, hapo nako niliteleza.

Nilipoingia nikafunga usajili wa watu wapya, nikasevu. Dada, ambaye naye ataitumia, akauliza, kwa hiyo we utakuwa unasoma paswedi zangu? Hapana dada, zinatoka kwenye simu yako zishafungwa, mi naona imeili yako na idadi ya vitu ulivyoweka, naweza hata kukufuta, ila paswedi zenyewe sizioni. Ila ukisahau paswedi kuu usinipigie mimi, sina pa kuitolea.

Asubuhi nikataka kubadili tokeni, nabadilisha kwenye compose wee, ya zamani bado inafanya kazi. Kumbe ukishasevu kwenye ule ukurasa wa admin inaandika faili la config.json kwenye folda la data, na hilo ndo linasikilizwa kuliko compose. Nikaifuta tokeni kotekote, sasa hivi ukienda /admin unaambiwa imezimwa. Siku nikiongeza mtu nitairudisha, na zile $$ nishaziandika kwenye daftari.