Kibokoni Bila Watu: Kuunda Magofu ya Mombasa kwa Skeli ya 1:35

Diorama nyingi za miji iliyokufa, yaani mandhari ndogo zilizoundwa kwa mkono, ninazoziona mtandaoni huonyesha mji mmoja ule ule: majengo ya kijivu, vumbi la kahawia kila mahali, magari yaliyopinduka na vifusi visivyojulikana vimetoka wapi. Mikono iliyoziunda ni ya mafundi hasa, na sina la kuwafunza katika upakaji rangi. Hata hivyo mji ule hauna bahari, hauna masika wala mwarobaini, na mtu aliyekulia Mombasa akiutazama hawezi kusema ni kitu gani kilichouua. Nilipoamua kuunda diorama yangu mwenyewe, bila seti ya kiwandani na bila jengo lililokwisha kukatwa, nilijiwekea sharti kabla ya kushika kisu: kila kilichovunjika kiwe na sababu, na sababu hiyo itoke hapa hapa kisiwani.

Sababu niliyoichagua ni maji. Sisi tumezungukwa na maji ya chumvi, lakini maji tunayokunywa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, ambazo maji yake husafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Mabomba hayo yakikauka, hakuna haja ya bomu wala maradhi. Watu watahama tu, wakianza wenye jamaa bara, kisha wenye magari, mwisho wale wasio na pa kwenda. Visima vya zamani vya Mji wa Kale vipo, lakini haviwezi kuwanywesha watu zaidi ya milioni moja. Wazo lenyewe si geni katika pwani yetu, kwa maana Gedi, karibu na Watamu, iliachwa na wakazi wake katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wanaakiolojia ni kushuka kwa maji ya visimani.

Gedi ndiyo iliyonipa somo kubwa kuliko picha zote za mtandaoni. Kuta za matumbawe na chokaa zimesimama pale kwa karne kadhaa bila dari na bila mtu wa kuzitengeneza, huku mizizi ya miti ikiwa imezikumbatia. Nyumba ya saruji iliyojengwa kando ya bahari haina subira hiyo. Hewa ya chumvi hupenya kwenye saruji hadi ikafikia nondo, nondo hupata kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, saruji hupasuliwa kutoka ndani na kuanza kubanduka vipande vipande. Tunayaona hayo leo kwenye roshani za majengo ambayo bado yana wapangaji. Kwa hiyo katika diorama yangu, ambayo inaonyesha pembe moja ya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, miaka 40 baada ya watu kuondoka, nyumba ya kale imesimama na jengo jipya la jirani yake limeanguka upande mmoja. Wageni wote walioiona wametarajia kinyume chake.

Nilichagua skeli ya 1:35, ambayo ni ya kawaida kwa vielelezo vya kijeshi, kwa sababu mtu wa sentimita 175 huwa na urefu wa sentimita 5, na katika kimo hicho kitu kidogo kama komeo la dirisha bado huonekana. Skeli ya 1:72 ingenipa mtaa mzima, lakini mimi sikutaka mtaa. Nilitaka nyumba mbili, kichochoro na ua. Kitako cha sentimita 60 kwa 45 kinatosha, na kwa skeli hii ni sawa na kiwanja cha takriban mita 21 kwa 16.

Kuta nimezikata kutoka kwenye povu jeupe lile linalofungashiwa televisheni na friji, ambalo maduka ya vyombo vya umeme hulitupa nje kila siku. Povu hili linachongeka kwa kisu chembamba, lakini lina adui mmoja: rangi ya kupuliza ya mkebe huliyeyusha, kwa hiyo lazima kwanza lipakwe gundi nyeupe ya seremala, tabaka mbili, hadi lifunikwe kabisa. Ili lifanane na mawe ya matumbawe, nilikunja karatasi ya alumini ya jikoni kuwa tonge na kuliviringisha juu yake kwa kulikandamiza, kisha nikachora mipaka ya mawe kwa kalamu iliyokauka wino. Mawe ya nyumba zetu hayakukatwa mraba kama matofali. Yamepangwa ovyo na chokaa ndiyo inayoyashika, kwa hiyo mstari wowote ulionyooka ni uongo.

Juu ya mawe huja lipu, na hapa ndipo nilipokaa sana. Nilichanganya jipsamu na maji pamoja na gundi kidogo, nikaipaka nyembamba, na kabla haijakauka vizuri nikaanza kuibandua kwa ncha ya kisu. Lipu haibanduki popote tu. Hubanduka kwanza chini, kwenye futi chache za mwanzo, kwa sababu unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, na chumvi hiyo ikikauka huisukuma lipu nje. Hubanduka tena juu kabisa, mahali ambapo dari imeondoka na mvua inaingia ndani ya ukuta. Na hubanduka chini ya madirisha. Katikati ya ukuta lipu hubaki, ila imefanya weusi wa kuvu, weusi unaoteremka kwa michirizi. Mtu akiniuliza rangi ya gofu la Mombasa nitamjibu kuwa ni nyeupe, nyeusi na kijani, na kahawia huja mwisho.

Boriti zimenipa furaha ya pekee. Boriti ya mkoko yenye unene wa sentimita 10 inakuwa chini kidogo ya milimita 3 katika skeli hii, na huo ndio unene wa vijiti vya mishikaki. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za Waswahili, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Katika diorama chumba changu kina upana wa sentimita 8. Boriti huoza kwanza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani na kushika unyevu. Ncha zikikatika, sakafu yote ya juu, ambayo ni matumbawe na chokaa nzito, hushuka kwa pamoja. Kwa hiyo sikutawanya vijiti kama vilivyomwagwa. Ukuta una safu ya matundu yaliyobaki wazi, na chini yake kuna rundo ambamo boriti zote zimelala upande mmoja, chini ya vipande vya sakafu iliyokuwa juu yake.

Mlango wa nakshi sikuuweka. Watu wameniuliza kwa nini nyumba ya Kibokoni ikose mlango wake, na jibu ni kwamba mlango wa namna hiyo ni mali. Mwenyewe ataung'oa akihama, na akiuacha atakuja mwingine kuung'oa. Kilichobaki ni uwazi mkubwa uliochomolewa fremu, wenye mawe yaliyovunjika pembeni, na baraza mbili za nje ambazo hakuna anayeweza kuzibeba. Sikatai kwamba uamuzi huu pia umeniokoa na kazi ya kuchonga nakshi katika kibao cha upana wa sentimita tatu na nusu.

Jengo la saruji ni la kadibodi ngumu iliyopakwa jipsamu, na nondo zake ni nyuzi za shaba kutoka kwenye waya wa simu wa zamani. Nondo ya milimita 12 ni theluthi ya milimita moja kwa skeli hii, na wengi hukosea hapo kwa kutumia waya mnene unaofanya jengo lionekane kama limejengwa kwa mabomba. Mchanga nao una hesabu yake. Mchanga wa ufuoni unaonekana mwembamba mkononi, lakini chembe ya milimita moja ni kokoto ya sentimita tatu na nusu katika skeli ya 1:35. Nimetumia vumbi la jipsamu na mchanga uliooshwa chumvi kwa maji baridi, ukakaushwa, kisha ukachungwa kwa kitambaa.

Gari langu la pekee ni tuktuk. Ina urefu wa mita 2.6 hivi, yaani sentimita saba na nusu, na nimeiunda kwa karatasi ya manila, waya na vifungo vitatu vya shati vilivyokuwa magurudumu. Turubai limeoza likaisha, ikabaki mifupa ya chuma. Kwa kutu nilitumbukiza waya wa kusugulia sufuria ndani ya siki, nikauacha hadi siki ikageuka rangi, na maji yale yakipakwa juu ya karatasi hukauka yakawa kutu ya kweli. Mahali pa rangi iliyobambuka nilitumia chumvi: unapaka rangi ya kutu, unalowesha kidogo, unanyunyiza chembe za chumvi, unapaka rangi ya juu, na ikikauka unaifuta chumvi kwa brashi kavu. Kila ilipokuwa chembe, kutu huchungulia. Kutumia chumvi kuigiza kazi ya chumvi kuna haki yake.

Mbele ya tuktuk kuna kibanda cha maji chenye mfereji uliokauka, na mbele ya mfereji kuna foleni ya mitungi ya lita 20. Kila mtungi una kimo cha milimita 11. Mwanzo nilikusudia foleni ndefu, mitungi mizima iliyopangwa kama siku ile ya mwisho. Khalati yangu, ambaye ameishi Mji wa Kale maisha yake yote na amepanga foleni za maji nyingi kuliko mimi, alivaa miwani yake akainama juu ya meza.

"Mwanangu, hawa watu wamehama?"

"Ndiyo, khalati. Wote."

"Basi nani aliyeacha mtungi mzima nyuma? Mtungi mzima hubebwa. Huachwa uliopasuka."

Foleni ikawa fupi. Mitungi iliyobaki ina nyufa na viraka vya plastiki iliyoyeyushwa, na mmoja umekatwa juu ukafanywa ndoo. Plastiki haipati kutu, lakini jua huifubaza, na ndiyo maana njano yao nimeichanganya na nyeupe hadi ikakaribia rangi ya maziwa, huku upande ulioelekea ukutani ukibaki na njano ya asili.

Mimea ndiyo iliyouteka mji. Miaka 40 ya masika na vuli inatosha kwa mwarobaini kuota popote mbegu ilipoangushwa na ndege, kwa hiyo mmoja umetokeza katikati ya jengo la saruji na kulizidi kimo. Shina ni nyaya za umeme zilizosokotwa, zikafunikwa jipsamu na gundi. Majani ni ya mwarobaini wenyewe, yaliyokaushwa, yakapondwa na kupakwa kijani, kwa sababu yakiachwa yatageuka kahawia. Mizizi inayoshuka ukutani ni usumba wa makumbi ya nazi, na sijaona kitu cha dukani kinachoushinda. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa vizuri juani, hufanya takataka za chini ya mti. Kunguru sikumweka hata mmoja, ingawa leo wametujaa, kwa kuwa wanaishi kwa jaa letu na jaa halipo tena. Paka yupo, juu ya baraza, mwenye kimo cha milimita saba begani. Paka wa Mji wa Kale sina shaka nao.

Ua wa nyumba ya kale umejaa maji ya mvua. Kwa ajili yake nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza maboti ya faiba, nikamwamkia na kumweleza kazi, nikitaka kununua kikombe kimoja cha resini. Alitazama kipande cha povu nilichokuwa nacho akacheka. "Hii yangu ikigusa povu lako italila lote, mwanangu. Tafuta epoksi." Alikuwa na haki: resini ya poliesta huyeyusha povu la aina ile, ilhali epoksi hailidhuru. Epoksi nayo hupata joto inapoganda, kwa hiyo humiminwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri mwenzake agande. Tabaka la chini nimelitia tone la rangi ya kijani iliyoiva, la juu nimeliacha wazi.

Limebaki suala la kuihifadhi, na katika hewa yetu si jambo dogo. Gundi ya unga sikuigusa kabisa, kwa sababu mende na sisimizi huila pamoja na kilichobandikwa. Majani yote yalipitishwa kwenye tanuri kwa moto mdogo kabla ya kubandikwa, kisha yakapuliziwa vanishi isiyong'aa, ili kuvu lisiote kwenye kuta ambazo tayari nimezipaka kuvu la rangi. Fundi wa vioo ameshachukua vipimo vya kasha, na nimemwomba aache matundu madogo mawili nyuma ili unyevu usifungiwe ndani. Kasha litakaa mbali na dirisha la upande wa bahari.