Yale yasiyoandikwa popote

Nimemaliza shahada ya uzamivu juzi juzi tu, na tayari nina wanafunzi wanaonitegemea maabara. Nasema wazi: hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Sisi watafiti wachanga bado tunakumbuka hali ya kukaa kikaoni ukiogopa kuuliza. Kwa hiyo nawafundisha yale yasiyoandikwa popote: namna ya kumwandikia profesa usiyemjua, kusoma makala kwa kuanzia kwenye michoro, kuwajibu wahakiki wakali wa makala yako bila kukata tamaa, na kuulizia mapema jina lako litakaa wapi kwenye orodha ya waandishi. Mtoto wa profesa huyasikia haya nyumbani. Aliye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu atayasikia wapi?

Wiki hii mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kweli kuna haja ya kuhangaikia nani yumo na nani hayumo miongoni mwa watu wanaochunguzwa kwenye utafiti. Nikampa mfano wa kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kifaa hicho kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Na kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa!

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhoji sampuli zetu wenyewe: zimetoka kwa nani, na nani ameachwa. Sasa anaandika pendekezo la kuzipanua, na jina lake ndilo litakalotangulia.