Kumbe Tulikuwa Tunaonekana

Kitinda mimba wangu kaniuliza juzi kama babu yake aliwahi kupanda Kilimanjaro. Darasani kwao wenzake wanajigamba: mmoja babu yake alikuwa mpagazi, mwingine ana mjomba anayewapeleka wazungu hadi Uhuru. Yeye hana la kusema ila kwamba babu yake aliendesha basi. Nikamwambia hapana, babu hakupanda. Baba alikuwa akiuona ule mlima kila wiki kupitia kioo cha mbele, na msimamo wake ulikuwa kwamba mlima ni wa kutazamwa, ukiupanda unauchokoza.

Lakini Irente, kule kwenye mwamba wa Lushoto, alikwenda, tena kwa miguu. Mtoto nilimpa nusu tu ya habari.

Ilikuwa enzi zangu za Lushoto, nafundisha darasa la nne. Baba alikuwa amestaafu karibuni na nyumbani Same ameanza kumshinda Mama. Mama akanipigia: "Njoo umchukue baba yako hata kwa siku mbili, anapanga upya vyombo vyangu." Akaja mwenyewe. Miaka yote amepita Mombo, amesimamisha basi ili abiria wale na kuchimba dawa, na hajawahi kukata kona ile ya kupanda Soni kuja Lushoto. Akashuka kwenye kosta stendi ya Lushoto uso umemparama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Yule kijana anakata kona kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, mama! Na huku kuna korongo."

Jumamosi nikamwambia twende Irente. Ukimwuliza mtu yeyote wa Lushoto njia nyepesi kwa mgeni, atakutajia hiyo. Magamba ina msitu na mbega, lakini kuna kupanda. Mtae ni safari ya kulala. Irente ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, njia pana, unapita Yoghoi, na mwinuko wake ni wa taratibu hata usiutambue. Ndivyo wanavyosema. Wanaosema hivyo ni wale akina mama wa Kisambaa waliotupita wakiwa na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, wakatusalimu "onga maundo" bila kupunguza mwendo, wakapotea kwenye kona. Baba alisimama akawaangalia. Mtu aliyeketi kwenye usukani maisha yake yote ana mikono ya chuma na mapafu ya kuazima. Alikuwa amevaa vile viatu vyake vyeusi vya kazini, kisigino cha kulia kimelika upande kwa kukanyaga mafuta, cha kushoto kizima.

Basi tukawa tunasimama. Kila aliposimama alikuwa na sababu. Mara aulize mikaratusi hii alipanda nani. Mara atake kujua kwa nini kabichi zimepandwa hadi ukingoni mwa korongo. Mtoto mmoja alitokea na kinyonga juu ya kijiti akitaka tumtazame kwa malipo, na Baba, ambaye aliwahi kukaa uso kwa uso na tembo barabarani usiku, akarudi nyuma hatua tatu. Nikampigia porojo za darasani: kwamba mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwamba ufalme wa Wasambaa ulianzishwa na mwindaji, Mbegha, aliyetoka Ungulu, akawa anaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, hadi wakampa utawala kule Vuga.

"Naye alipanda kwa miguu?"

"Kwa miguu, Baba."

"Ndiyo maana walimpa ufalme."

Pale kwenye shamba la kanisa, la Walutheri, tukapumzika. Wanauza jibini, jamu na mkate mweusi mzito. Baba aliuonja ule mkate, akaugeuza, akaniuliza taratibu kama ungeweza kuwa wa jana. Jibini alilipenda. Plamu nilizobeba kutoka sokoni alizimaliza zote, kokwa akizitia mfukoni ili akazipande Same, ambako mvua yenyewe ni ya kubembeleza.

Kutoka hapo hadi mwambani si mbali.

Waliowahi kufika pale wanajua jinsi ardhi inavyoisha. Unatembea kwenye majani, kuna mwamba, na mbele ya mwamba hakuna kitu. Chini, karibu mita 1,000 chini, iko Mazinde na mashamba ya mkonge, halafu nyika inakwenda hadi macho yachoke. Wageni kwa kawaida hupiga kelele. Baba hakupiga. Alikataa kusogea, akakaa kwenye jiwe la nyuma, akafungua vifungo viwili vya shati.

"Pale chini ni wapi?"

"Mazinde."

"Mazinde gani?"

Nikamwambia Mazinde ni moja tu. Akanyamaza. Halafu akauliza ule mstari ni nini, ule mwembamba kama uzi wa cherehani, na mimi nikaona ajabu kwamba ananiuliza yeye.

"Ni barabara yako, Baba."

Akasimama. Akasogea mwenyewe, bila kushikwa, hadi pale ambapo mimi nilikuwa sitaki afike, akachuchumaa. Alianza kuifuata kwa kidole, kutoka kushoto. Mombo iko kule, hapa haionekani. Hapa kuna kalavati. Hapa palikuwa na mbuyu, bado upo? Ile reli, mama, ile reli ya Tanga, Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905, na mimi nimeiacha nyuma mara zisizo na hesabu, treni haikuwahi kunishinda. Kidole kikawa kinakwenda Mkomazi, kinaelekea Same. Kinakwenda nyumbani.

Kisha likatokea basi.

Mimi nililiona kama kitu cheupe kinachosogea. Yeye akatazama saa. "Ni la asubuhi kutoka Dar. Linakwenda juu." Akalitazama kidogo. "Limechelewa. Atakuwa alisimamishwa Korogwe." Mbele ya basi kulikuwa na lori, na kitu kilichomjia Baba usoni sikuwahi kukiona nyumbani, maana huyu mtu nyumbani tulimjua akiwa amelala au anajiandaa kuondoka. Akaanza kuongea na dereva. Kwa sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu aliyekaa kiti cha pembeni.

"Mwache. Usimpite hapo. Subiri, mbele kuna mteremko. Yule kabeba saruji huyo, hana haraka. Mwache atangulie. Shusha gia. Shusha. Haya."

Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga mwamba. Nilimshika mkanda wa suruali kwa nyuma, kwa sababu ya ule ukingo, na nikaona haya, kwa sababu mara ya mwisho kumshika hivyo nilikuwa mtoto nisiyetaka aondoke na basi. Sikumwambia hilo. Basi likabaki nyuma ya lori, linasogea polepole mno, na upepo ukipanda ulileta mngurumo mdogo, sijui ni wa basi au wa lori. Mwisho likatoka upande, likaenda sambamba na lori kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kupita kiasi, likarudi kwenye njia yake.

"Safi," akasema Baba. "Huyo anajua."

Akalifuata kwa macho hadi likamezwa na bega la mlima. Akaendelea kuchuchumaa. Nikangoja aseme chochote kuhusu kazi, au kustaafu, au hata magoti. Badala yake akasema, si kwangu hasa:

"Kumbe muda wote ule tulikuwa tunaonekana."

Kurudi tulikodi bodaboda mbili, maana magoti yalikataa, na hadithi ya njia nyepesi ikaishia hapo. Keshokutwa yake nikamsindikiza hadi Mombo, akapanda gari la kwenda juu, akakaa mbele karibu na dereva bila kukaribishwa.

Maneno yale nimeyageuza sana. Mwanzoni niliyasikia kama huzuni: mtu anaona maisha yake yote ya kazi yamekuwa kitu cheupe kisichofika ukubwa wa ukucha. Baadaye, nilipoanza kuendesha mwenyewe, nikayasikia kama fahari, kwamba kumbe kulikuwa na watu juu kule, pengine mmoja wao aliwahi kumwona akisubiri nyuma ya lori na kusema huyo anajua. Sina hakika hata kidogo. Inawezekana nampachika maneno yangu, na marehemu hawezi kunikatalia.

Mama anaweza. Yeye nilimsimulia likizo iliyofuata, jikoni, nikidhani nampelekea kitu kizuri. Aliendelea kuchambua mchicha mpaka nikafika mwisho, akacheka peke yake.

"Tulikuwa tunaonekana, alisema hivyo? Muulize pale Mazinde alikuwa akisimama kufanya nini."

Baba alikuwa barazani, redio imewaka. Nikatoka, nikamwuliza. Akapunguza sauti ya redio, akafikiri.

"Mkaa," akasema. "Nilikuwa nanunua mkaa."

Nikarudi jikoni na jibu.

"Mkaa upi?" akauliza Mama. "Hapa tumepikia kuni hadi ninyi mlipoanza kazi."